Fimbo Niliyomchagulia Nurdini

Siku Nurdini alipoingia dukani kwangu kutafuta fimbo ya kuvulia, nilikuwa nimemwombea mabaya kwa miaka miwili, na dua zenyewe zilikuwa zimeanza kunichosha. Mungu hakuonekana kuwa na haraka naye. Mzee ananawiri, kanzu imepigwa pasi, meno yote yamo mdomoni, na kicheko chake kinatangulia barabarani kabla hujamwona mwenyewe.

"Hodi kwa mjane wangu!" akapaza sauti. "Mnyamwezi, upo? Au umekwenda kubeba mizigo?"

"Karibu, Mzaramo. Babu zangu walipokuwa wakibeba mizigo, babu zako walikuwa wapi? Wamelala chini ya minazi, wanangoja wapite wawaombe tumbaku."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua kamba za mizinga ya nyuki wakacheka. Ndivyo tulivyo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakitoka hapa Unyanyembe, Tabora ya leo, kwa miguu hadi pwani, pembe za ndovu mabegani. Huko njiani walipigana, wakazikana, wakapatana, na utani huu ndio mapatano yenyewe. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua kuku wako unacheka. Akija msibani kwako akafanya vituko huku watu wanalia, unacheka pia, na machozi yanakutoka vilevile. Anayemkasirikia mtani ndiye mwenye aibu. Basi na mimi nilikuwa nikicheka, miaka miwili mfululizo, na moyoni nanuka.

Acha niseme alichonifanyia.

Mume wangu Shaban alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alipata kidonda mguuni, kikakataa kupona, kikaanza kuwa cheusi. Binti yetu wa pekee, Najiat, ni muuguzi Nzega, na kila siku alikuwa akipiga simu: "Mama, mmempeleka baba hospitali?" Nami namjibu, "Kesho, mwanangu." Kweli ni kwamba Shaban mwenyewe hakutaka. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanamkuu, ukinipeleka kule watanikata mguu, na mtu asiye na mguu hasimami mtoni. Na usimwambie mtoto kwamba naogopa." Akaniapisha. Huyu ni mwanamume aliyevua Mto Ugalla tangu ujana wake, akapita penye viboko na mamba akipiga mluzi, sasa anaogopa kisu cha daktari kama mtoto wa jandoni. Nilimpenda, nikamsitiri. Kesho ikawa kesho kutwa, sumu ya kidonda ikapanda, akafa.

Najiat alifika baba yake akiwa ameshazikwa. Alichokikuta uani ni Nurdini amejifunga kanga yangu, mwiko mkononi, ananiigiza. Kuna mzee mmoja alikuwa amejilaza mkekani, yeye ndiye marehemu, na Nurdini anamlisha kwa sauti nyembamba: "Kula, mume wangu, kula. Hospitali ya nini? Tutakwenda kesho! Leo meza mchuzi wangu huu ulale usingizi mnono, duka libaki kwangu." Watu walicheka wakashikana mabega. Wifi yangu Shamila, dada wa marehemu, alicheka hadi akakaa chini. Na mimi nikacheka, maana ndiyo desturi. Nilipoinua macho nikamwona Najiat amesimama mlangoni na begi lake begani. Yeye hakucheka. Alikuwa akiniangalia mimi ninavyocheka.

Hakulala kwangu siku hiyo. Alilala kwa shangazi yake Shamila, mtaa wa Cheyo, na asubuhi akarudi Nzega. Tangu hapo nikimpigia simu alikuwa ananijibu kwa neno langu mwenyewe: "Nitakupigia kesho, mama." Ule mzaha wa Nurdini nao ukatembea mjini. Wifi Shamila aliubeba nyumba kwa nyumba, na kila alipoutua ulikuwa umepungua utani. Mwisho nikawa napita sokoni na wanawake wananyamaza. Ungenipa Nurdini na kinu siku zile, ningemtwanga, halafu nikampepeta.

Sasa huyo amesimama mbele ya kaunta yangu, ananiomba nimchagulie fimbo.

"Nimestaafu reli, sasa nimechoka kukaa barazani kupiga soga," alisema. "Nataka nikavue ningu. Mvua za kwanza zimenyesha, wanapanda mto. Nitapanda treni ya Mpanda, nishuke Ugalla, kisha bodaboda mpaka mtoni. Fimbo ya mwanzi sitaki. Ndani ya behewa unawatoboa watu macho, porini inakwama kila tawi. Nataka fupi, ya kukunja, inayoingia begini. Wewe ni mjane wa mvuvi. Nichagulie."

"Utavulia wapi?"

"Kwa Paskazia. Wanasema ningu wa pale wananenepa mpaka wanashindwa kugeuka."

Kwa Paskazia ni kona ya mto. Imepewa jina la mama mmoja aliyechukuliwa na mamba akiteka maji, na mamba mwenyewe hakuhama. Matete yamesonga ukingoni pale, na ningu wanakula kwenye tope nje kidogo ya matete. Shaban alikuwa akivua kona hiyo kila msimu, lakini hakuwahi kulowesha hata kidole. Alisimama juu, kwenye ukingo mgumu, na fimbo ndefu ikamvushia mshipi juu ya matete. Urefu ule ndio uliokuwa ukimrudisha nyumbani.

Nilikuwa na fimbo mbili za kukunjika. Ya kwanza ni ile ya kuchomoa, pingili ndani ya pingili, kama antena ya redio. Ukiifunga inaingia hata kwenye mkoba wa mwanamke, ukiichomoa yote inashinda watu wawili waliobebana. Ncha yake ni laini, na ningu anataka ncha laini, kwa kuwa midomo yake ni ya nyama tupu. Ukimvuta kwa ubabe inachanika. Ya pili ni ya vipande viwili vya kuunganisha. Ni nene, nyeusi, inang'aa, ina gurudumu zuri la kukunjia mshipi. Hiyo ni fimbo ya mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi. Ukisimama nayo ukingoni kwa Paskazia, mshipi unaangukia kwenye matete. Ukitaka kuwafikia ningu, sharti uingie majini uyapite matete. Na samaki akishika, kwa ule ugumu wa fimbo, sharti uiname umkamate kwa mikono kabla mdomo haujachanika.

Zote mbili ni fupi begini. Nilijua ipi inarudi na mtu na ipi hairudi naye.

Nurdini alianza na ile ya kuchomoa. Aliivuta pingili moja moja mpaka ncha ikagusa dari, akatabasamu. "Hii kiboko!"

"Hiyo ni ya watoto," nikamwambia. "Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye pingili, inang'ang'ania, unarudi nayo imesimama mpaka Tabora. Utaipandishaje treni?" Hapo sikusema uongo; mchanga unaingia kweli. Sikumwambia tu kwamba unafutwa kwa kitambaa. "Shika hii. Mzee wa heshima anashika kitu kizito."

Akaishika ile nyeusi, akazungusha gurudumu, likalia taratibu kama cherehani mpya. Nikaona amependa. "Lakini si fupi mno?"

"Urefu uko mkononi mwa mvuvi, Mzaramo. Unaingia majini kidogo tu, mpaka magotini, unarusha. Marehemu ndivyo alivyokuwa akifanya."

"Shaban alikuwa akiingia?"

"Kila msimu."

Basi akakubali. Mume wangu kaburini nilimsingizia mchana kweupe, na sikutetemeka. Nilisikia raha. Nilifunga fimbo ile kwenye gazeti kwa upole, nikaifunga na kamba, kama mtu anayefunga zawadi ya arusi.

"Ijumaa jioni ndiyo treni," akasema akitoka. "Lakini mchana nitakuja kula kwako kwanza. Pika kingi."

"Nani kakualika?"

"Tangu lini mtani akaalikwa?"

Siku zilizofuata nilifanya kazi nikiimba. Nilishaanza kupanga msiba wake. Ningevaa kanzu yake, kofia yake, nijiviringishe mkekani mbele ya watoto wake na wakwe zake. Kisha ningegeuka mamba: "Loo, Mzaramo huyu ana tui! Nani kamuunga nazi?" Wangecheka wote, na mkewe Eustadia angecheka huku ameuma kanga, na mimi ningemtazama machoni nione kama kicheko kinamshuka au kinamkwama. Hakuna ambaye angenikasirikia. Ni utani. Alichonipa ningemrudishia, tena kwenye sahani ileile.

Ijumaa nilipika wali na kuku, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, kwa sababu aliyehukumiwa ana haki ya kula. Baada ya sala nikasikia kicheko chake barabarani, na nyuma ya kicheko nikasikia viatu vya mwanamke. Nikadhani ni Shamila, naye kweli alikuwapo. Lakini aliyetangulia kuvua viatu mlangoni ni Najiat.

"Shikamoo, mama."

Alinikumbatia nikiwa bado nimeshika upawa, mchuzi ukatiririka mgongoni mwa gauni lake, na hakuna aliyejali. Alikuwa amekonda. Alinuka dawa ya hospitali na vumbi la basi, na mimi nilimnusa kama mbuzi anavyomnusa mtoto wake.

Tulipokaa mkekani ndipo nikaambiwa. Nurdini alikuwa amekwenda Nzega. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi ya Najiat tangu asubuhi mpaka zamu yake ikaisha, kisha akapiga magoti mbele ya wauguzi wenzake.

"Mzee mzima, mama," Najiat alisema. "Nikamwambia babu, inuka, unanitia aibu. Akasema hainuki mpaka nimsikilize."

Nurdini alikuwa ameinamia sahani. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana mzaha usoni. "Ile 'kesho' niliisikia ukimwambia mtoto kwenye simu, siku nilipokuja kumjulia hali Shaban," aliniambia. "Nikaichukua, nikaitia chumvi, nikaicheza. Ya mchuzi na ya duka nilitunga. Sikujua mtoto yuko mlangoni. Na sikujua watu wataibeba. Nimekuwa nikipita dukani kwako ninakutania ili unitukane kikweli, uniondolee huu mzigo. Wewe unacheka tu. Nikasema huyu hawezi kunitukana, basi niende kwa mtoto."

"Na mimi nilichangia," wifi Shamila akasema chinichini, akijifanya anachambua mifupa ya kuku.

Najiat akaniegemea begani. Uzito ule wa kichwa chake, nilikuwa nimeusahau. "Mama, nilikuwaza vibaya," alisema. "Nilikuwa nikisema, mtu anayeweza kucheka vile, ameweza na mengine. Nisamehe."

Nikamsamehe. Kisha nikaliona begi la Nurdini limeegemezwa ukutani, na gazeti langu limechungulia kwenye zipu.

Nawaambia kweli: mtu akilishwa shubiri miaka miwili, hata asali anaitemea mate kwanza. Sehemu ya moyo wangu ilisema, aende tu. Magoti aliyopiga Nzega hayanirudishii miaka miwili. Lakini mtoto alikuwa ameegemea bega langu, na aliyemrudisha hapo ni mtu ambaye nilikuwa nimemfungia kifo kwenye gazeti.

Nikaanza kwa upole. Niliingia dukani, nikaleta ile fimbo ya kuchomoa. "Mzaramo, nakupa hii bure. Niachie ile nyeusi."

"Ahaa!" akapiga makofi. Mzaha ulimrudia mara moja, kama jogoo aliyeonyeshwa mtama. "Mmemsikia Mnyamwezi? Ya watoto alisema mwenyewe. Kaona nimepata kitu kizuri, anataka kukirudisha! Mimi nimeshaizoea, nimeirusha uani kwangu mpaka mkono umekubali."

"Usiende nayo. Ile ni ya kwenye mtumbwi."

"Nitaingia majini mpaka magotini. Au marehemu alikuwa mwanamume kunishinda mimi?"

Najiat akainua kichwa. "Majini wapi, babu?"

"Kwa Paskazia. Baba yako alikuwa akiingia."

"Baba?" Najiat akashangaa. "Mimi alinikataza hata kunawa mikono pale."

"Alikukataza wewe, mtoto wa kike," Nurdini akacheka. "Mama yako kaniambia mwenyewe. Kila msimu!"

Najiat akanigeukia kwa tabasamu, akingoja nieleze. Nikafanya kosa la kujaribu kuipitisha kweli kwenye mlango wa utani. Nikasema, "Nimekuchagulia hiyo mamba akule, Mzaramo. Nilitaka ufe."

Walicheka! Wifi Shamila aligonga sinia kwa kiganja. Nurdini alijifuta machozi kwa mkono wa kanzu. "Loo, leo umenipata! Miaka miwili huyu namkopesha, leo kalipa. Nikiliwa, mjane wangu, utanikalia eda?" Hata Najiat alicheka, kile kicheko chake cha utotoni cha kukoroma puani. Uongo wa Nurdini uliaminiwa mji mzima. Kweli yangu ilichekewa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nurdini akatazama saa, akanawa, akasimama, akalichukua begi. "Haya jamani. Treni haimsubiri mstaafu."

Nilijua namna moja tu ya kuaminiwa: kuvunja utani. Na niliona mpaka mwisho wa jambo hilo. Nikiaminiwa na Nurdini, nitaaminiwa na Najiat pia. Atajua kwamba mama yake ni mtu anayeweza kumchagulia mtu kifo, amfungie vizuri, kisha ampikie chakula. Nikinyamaza, mtoto ni wangu. Labda mamba hayupo msimu huu. Labda ningu hawatakula, arudi akilalamika. Nilimwacha afike mlangoni. Nilimwacha avae kiatu kimoja.

"Nurdini," nikamwita. Sikumwita Mzaramo, na hilo peke yake lilimgeuza. "Wallahi wabillahi watallahi, sikutanii. Shaban hakuwahi kuingia maji yale. Nilikudanganya. Nilikuchagulia fupi kusudi uyapite matete, kwa sababu mamba anakaa palepale. Nilikuwa nimeshajua nitakavyocheza msibani kwako."

Mtu fulani alipita barabarani akipiga kengele ya baiskeli. Nurdini alinitazama kwa muda, akitafuta kicheko usoni pangu, na hakukiona. Taratibu akafungua zipu, akatoa ile fimbo ndani ya gazeti langu, akailaza sakafuni mbali na mguu wake.

Kisha mzee yule, ambaye nilimtakia kuliwa, akajaribu kuniokoa. Alimwona Najiat amejitenga na bega langu, akapiga kicheko kikubwa, kikavu. "Mnaona? Mnaona anavyojua kuigiza? Utani huu, Najiat! Mama yako kanishinda leo. Utani mtupu!"

"Kama ni utani, babu," Najiat alisema, "chukua fimbo yako uende."

Nurdini akaitazama ile fimbo. Mkono wake ulitoka kwenye kanzu, ukafika katikati, ukarudi.

Najiat akanigeukia. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kwa sauti ya wodini, ile wanayomuulizia mgonjwa kama amekula.

"Na baba, mama?"

Nikamwambia yote: mguu, hofu, kiapo, jinsi baba yake alivyonishika mkono. Sikuongeza wala sikupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akaenda mlangoni na kuanza kuvaa viatu.